Mwaka wa Kuuza Bahari kwa Kihispania

Habari za kifo cha Graciela nilizipata nikiwa kwenye maegesho ya magari nje ya ofisi yangu kule Markham, pembezoni mwa Toronto, mkono mmoja umeshika simu, mwingine unakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Aliyepiga alikuwa Wilmer. Tulikuwa hatujasemezana kwa miaka mingi, lakini hakujitambulisha. Alisema tu kwa Kihispania, "Aida, bosi wetu ametutoka," na kwa kuniita Aida nikajua ni nani anayesema na ni bosi yupi aliyetutoka. Hakuna mtu mwingine duniani anayeniita jina hilo. Tulikutana siku ya mazishi, Brampton, kwenye ukumbi wenye zulia zito na mabirika ya kahawa yaliyopangwa kando ya ukuta. Wilmer siku hizi ana malori yake na kitambi chake, na mimi nina miwani na goti linaloniuma kila theluji ikikaribia. Wajukuu wa Graciela walikuwa wanapokea wageni kwa Kiingereza. Mmoja wao, binti wa chuo kikuu, alituuliza tulimfahamu bibi yake wapi. "Melini," Wilmer akajibu. Binti alishangaa: bibi yake aliogopa maji hata ya bwawa la kuogelea, kazi ya melini aliifanya lini? Wilmer alicheka mpaka akajifuta macho. Mimi nilijaribu kumweleza, nikaanza na kampuni, nikaruka kwenye ofisi, nikakwama. Mambo ya mwaka ule hayaelezeki mtu ukiwa umesimama na kikombe mkononi. Niliporudi nyumbani nikaona afadhali niyaandike, kama yalivyokuwa.

Kampuni yenyewe haikudumu. Ilizaliwa mwishoni mwa ile miaka kumi ya kwanza ya karne hii, na nadhani leo hata wale waliopanda meli yake hawalikumbuki jina lake. Mwenyewe alikuwa bwana mmoja ambaye sisi wa Toronto hatukumwona kwa macho. Tulimsikia tu kwenye spika ya simu, sauti nzito yenye haraka, na wote tulimwita Mhandisi. Wazo lake lilikuwa rahisi, na mpaka leo siwezi kulicheka. Alisema meli zote za kitalii za Karibiani zimetengenezwa kwa ajili ya Wamarekani: chakula cha jioni saa kumi na mbili, muziki unazimwa watu wanapoanza kuchangamka, matangazo yote kwa Kiingereza. Akanunua meli iliyokwisha kutumika na wengine, akaipaka rangi nyeupe na mstari wa machungwa, akaipa jina la Golondrina, yaani mbayuwayu, na akatangaza kwamba humo ndani kila kitu kitakuwa kwa Kihispania. Chakula cha jioni saa nne usiku, watoto wakimbie watakapo, bibi kizee akitaka kucheza dansi apewe nafasi. Ofisi ya kuuza tiketi aliiweka North York kwa sababu watu wa Amerika ya Kusini na ya Kati waliotawanyika Kanada walikuwa wengi na hakuna aliyekuwa anawauzia kitu kwa lugha yao.

Watu huniuliza Mtanzania alifikaje huko. Kihispania nilikijua kiwandani. Kazi yangu ya kwanza nchini humu ilikuwa kukunja mashuka ya mahoteli kwenye kiwanda cha dobi, na pale mezani pangu wote walikuwa wanawake wa Amerika ya Kusini. Kiingereza cha shule nilikuwa nacho, lakini hakikunisaidia kitu, maana wao hawakukitumia. Nikajikuta nakamata maneno yao moja moja, na kwa kuwa irabu zao ni zetu, a ni a na u ni u, ulimi wangu haukupata taabu. Wilmer, kijana wa Kolombia aliyekuwa akiendesha gari la mashuka, ndiye aliyenipeleka kwa Graciela alipohamia yeye kwenye ofisi ya meli. Graciela alinisikiliza dakika chache, akauliza natoka pwani gani ya Kolombia, ambako watu weusi kama mimi ni wengi. Nilipomwambia natoka Morogoro alidhani ni kijiji cha huko huko. Alipoelewa alicheka, akaniandika kwenye orodha ya zamu, badala ya Mwanaidi, "Aida". "Mteja akisikia Mwanaidi atauliza maswali," alisema. "Na sisi hatuuzi maswali, mwanangu. Tunauza bahari."

Graciela alikuwa mwanamke wa El Salvador, mfupi, mpana, nywele amezipaka rangi ya kahawia, na alikuwa na tabia ya kuongea na watu huku anamenya kitu: chungwa, yai, karanga. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda mpaka kwetu. Kulikuwa na meza nane, simu nane, picha kubwa ya Golondrina ikiwa katikati ya bahari ya buluu isiyoaminika, na jiko dogo ambako kila saa sita mchana foleni ya maikrowevu ilianza. Mambo mengi ya wale watu niliyajulia kwenye foleni ile. Nilijua nani ana mtoto aliyeachwa kwa bibi yake kule Guayaquil, nani mumewe anakunywa, nani anadanganya nyumbani kwamba yeye ni meneja. Walizungumza mbele yangu kama mbele ya mtu wa ukoo. Mimi nilikula wali na maharage yangu, nikasikiliza, sikuchangia neno.

Mwezi wa pili wa kazi ile, asubuhi, nikiwa nafunga kamba za buti, simu ililia kutoka nyumbani. Alikuwa mjomba. Alinisalimia, akauliza habari za baridi, akauliza kama nimekaa. Kisha akasema, "Dada yako Saumu hatunaye." Nikamwuliza lini. Akasema usiku wa jana. Nikamwuliza mama yuko wapi. Akasema yupo ndani na wanawake, hawezi kuongea. Nikasema, "Haya, mjomba. Poleni." Niliwapa pole kana kwamba msiba ulikuwa wa jirani. Nikamaliza kufunga buti ya pili, nikatoka, nikapanda basi la barabara ya Finch, nikafika kazini mapema kuliko siku nyingine. Siku ile niliwauzia maharusi wa Montreal chumba chenye dirisha. Bwana harusi aliuliza kama kutoka kitandani mtu anaona jua likichomoza, nikamwambia ndiyo, anaona, na sauti yangu ilikuwa nzuri. Graciela alipita nyuma yangu akanigonga begani kwa kunipongeza.

Siandiki haya ili nionekane jasiri. Nilikufa ganzi, basi. Ganzi ya mwili mtu akiikalia vibaya miguu anaijua. Atasimama, atapigapiga mguu chini, sindano zitamchoma, damu itarudi. Hii nyingine haikuwa na sindano. Nilikula, nililala, niliamka, na kila kitu kilikuwa upande wa pili wa kioo kinene. Kwenda kuzika nisingeweza. Maombi yangu ya kubaki nchini yalikuwa hayajajibiwa, na mwanasheria alikuwa ameniambia toka mwanzo kwamba nikivuka mpaka kabla ya jibu nimejifungia mlango mwenyewe. Kwa hiyo hata kujiuliza sikujiuliza. Mama alipopata nguvu ya kushika simu, niliongea naye kama mtu anayeongea na benki. Shikamoo, marahaba, mnaendeleaje, tunamshukuru Mungu, watu walikuwa wengi, alhamdulillahi. Kila alipoanza, "Siku ile mwanangu, Saumu ali..." mimi nilikata: "Mama, pumzika kwanza, nitakupigia." Na nilimpigia, nikaanza tena na shikamoo.

Nilipanga chumba kwenye besimenti ya Bi Zaituni, mama wa Dar es Salaam aliyekuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mjane mwenye binti wa sekondari aitwaye Salha. Dari ya chumba changu ilikuwa chini kiasi kwamba mtu mrefu angeinama, na bomba la joto lilipita juu ya kitanda likigongagonga. Bi Zaituni alizipata habari za msiba kwa watu wa msikitini, siyo kwangu. Aliteremka ngazi na bakuli la uji wa mchele, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwanaidi, ndiyo nini hivi? Unafiwa na dada wa tumbo moja, unaishi nyumbani kwangu, halafu naambiwa na watu?"

"Nisamehe, Bi Zaituni. Sikutaka kukusumbua."

"Msiba husumbua, mama. Ndiyo kazi yake. Tuwaite watu, tumsomee japo Yasini."

"Tutafanya baadaye."

"Baadaye lini?"

"Baadaye," nikasema. Salha alikuwa amesimama mlangoni. Akamwuliza mama yake kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kama Dada Mwanaidi anaumwa. "Haumwi," Bi Zaituni akajibu kwa Kiswahili, bila kuniondolea macho. "Afadhali angeumwa." Akaniachia uji. Niliunywa wote, kwa kuwa ulikuwa pale.

Majira ya kuchipua, Mhandisi aliwazawadia wafanyakazi wa ofisi zake safari ya bure. Furaha iliyolipuka pale ofisini sijaiona tena kazini. Wanawake walipeana nguo, Wilmer akanunua miwani ya jua huku nje bado matope ya theluji. Mimi nilisema siwezi kwa sababu ya hati zangu, na Graciela akasema na yeye haendi, mtu lazima abaki na simu. Baadaye alikiri kwamba anaogopa maji. Alikuwa amevuka mto usiku mmoja zamani, wakati wa vita kwao, na tangu hapo hata beseni aliliangalia kwa jicho baya. Basi juma zima tulikuwa wawili ndani ya ofisi ya watu wanane. Alileta chakula cha watu wawili bila kuniuliza: maandazi yao bapa ya unga wa mahindi yenye jibini ndani, kabichi ya siki, maharage yaliyosagwa. Tulikula kwenye meza ya Wilmer, iliyokuwa karibu na dirisha. Aliniambia juu ya mumewe, juu ya wanawe ambao hawataki kuongea Kihispania, juu ya mto ule. Alikuwa anatua kila baada ya hadithi, ananiangalia, akisubiri na mimi niweke yangu mezani. Nilimwambia kwetu tunapika ndizi na nyama. Akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kumenya chungwa lake.

Ni juma lile ndipo Doña Tránsito, sisi tungesema Bi Tránsito, alipopiga simu kwa mara ya kwanza. Alikuwa bibi wa miaka themanini kasoro, mtu wa Guatemala, anakaa na mjukuu wake mjini Hamilton. Watoto wake walikuwa wametapakaa, mmoja Mexico, wengine Marekani, mmoja Hispania, mmoja amebaki nyumbani, na tangu vita vya kwao havijawahi kukaa wote pamoja. Wengine walikuwa hawawezi kuingia nchi za wenzao. Mjukuu alikuwa amesoma tangazo letu, akapata wazo: ukoo mzima ukutane melini, kwenye bandari ambayo wote wangeweza kuifikia, washerehekee bibi kutimiza miaka themanini. Mipango yote aliifanya mjukuu, lakini bibi alipiga mwenyewe, sauti kali kama ya mwalimu wa zamani.

"Wewe unayeuza, niambie ukweli. Humo ndani kuna mahali nikikaa nitawaona wote kwa mara moja?"

"Una maana gani, Doña?"

"Nina maana hiyo hiyo. Sitaki ukumbi wenye nguzo. Nguzo inaficha watu. Nitamhesabu mmoja halafu mwingine atapotelea nyuma ya nguzo."

Nilitafuta ramani ya meli, nikaitazama ghorofa kwa ghorofa. Kulikuwa na ukumbi mmoja wa nyuma usio na nguzo. Nikamwambia. Akaniamuru niandike kwamba ni ule na si mwingine. Tangu hapo alipiga mara kwa mara, akakataa kuongea na mtu mwingine, akiuliza viti vikoje, kama upepo utazima mishumaa ya keki, kama kahawa yao ni kahawa ama ni maji. Wenzangu waliporudi, wekundu kwa jua na wamejaa hadithi, walinicheka kwamba nimepata mama mkwe.

Lakini Wilmer alirudi na jambo jingine, na alilisema kwenye foleni ya maikrowevu kwa sauti ya chini. Siku ya tatu ya safari meli ilisimama baharini nusu siku. Taa zilizimika. Wahudumu walipita wakigawa vinywaji vya bure na kuwaambia watu ni sehemu ya burudani. "Chini kule," Wilmer alisema, "mafundi walikuwa wanapigana na injini kwa nyundo." Graciela alimsikia, akamwambia aache uchuro. Ila mchana huo nilimkuta kwenye kichumba chake cha kazi, mlango haujafungwa vizuri, anaongea na spika ya simu. "Mhandisi, niambie kama mtu mzima. Ni mbovu kiasi gani?" Sauti nzito ikasema mashine zote huwa na siku zao mbaya, mama, hata mimi na wewe. Graciela alikuwa na yai la kuchemsha mkononi. Alilishika tu, hakulimenya.

Kiangazi hicho hitilafu zilifuatana. Safari moja ikafupishwa, nyingine ikaahirishwa, na kila mara tulipewa maneno ya kusema: upepo, ukaguzi wa kawaida, msongamano wa bandari. Tuliyasema. Kisha asubuhi moja, siku chache tu kabla ya safari ya ukoo wa Doña Tránsito, Mhandisi alituita wote tuzunguke spika. Alisema wakuu wa bandari wameizuia Golondrina kutoka mpaka injini itengenezwe. Ni jambo dogo. Abiria waambiwe kuna ucheleweshaji mdogo, waje tu, watapokewa hotelini. Wilmer akauliza hoteli gani. Mhandisi akasema hayo yatapangwa. Graciela akauliza kama injini itatengenezwa juma hili. "Sema ucheleweshaji, Graciela. Anayetaka kazi yake atasema ucheleweshaji." Laini ikakatika. Tukabaki tumesimama, tunaitazama ile picha ukutani ili tusitazamane.

Watu walirudi mezani kwao. Nilisikia mmoja anaanza, "Habari za asubuhi, kuna ucheleweshaji mdogo..." Mimi niliketi, nikavaa visikilizio, nikabonyeza namba ya Hamilton. Graciela aliwahi kuniambia, miaka baadaye, kwamba lile lilikuwa tendo la kishujaa. Nilimkatalia, na bado nakataa. Shujaa ni mtu anayeogopa halafu akatenda. Mimi sikuogopa kufukuzwa, sikuogopa Mhandisi, sikuogopa kitu chochote, kwa sababu nilikuwa sihisi kitu chochote. Ukweli ulikuwa mfupi kuliko uongo, nikausema. Nilimwambia mjukuu kwamba meli haitaondoka, kwamba hakuna hoteli, na kwamba kama kuna ndugu ambao hawajapanda ndege wafikirie upya. Aliniita mwizi. Aliniita mengine pia. Nilimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi. Kisha nikasikia mvutano wa simu, na sauti ya mwalimu wa zamani.

"Wewe ni yule wa nguzo?"

"Ndiye mimi, Doña Tránsito. Nasikitika. Meli haiwezi kwenda."

"Hilo nimelisikia kwa makelele ya huyu. Sasa niambie jingine. Nani amekufa kwenu?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie.

"Nimekesha na maiti wengi, binti yangu. Najua sauti ya mtu aliyekesha. Wewe tangu mwezi wa nne unaongea na mimi kama mtu aliyekaa chumba kimoja na maiti. Nilisema labda ndivyo ulivyozaliwa. Leo unanivunjia sherehe yangu na sauti ni ile ile. Nani?"

"Dada yangu," nikasema. Kwa Kihispania ni maneno mawili, mi hermana. Yalitoka mepesi. Nikayarudia, kana kwamba nayajaribu. "Dada yangu. Anaitwa Saumu. Alikufa wakati wa baridi, na mimi sikwenda."

"Eeh," akasema bibi yule. "Basi." Hakunipa pole. Alivuta pumzi, nikasikia mjukuu wake nyuma anauliza kitu, akamnyamazisha. "Sisi tutakwenda hivyo hivyo. Tiketi za ndege zipo, na wanangu wapo njiani. Tutakaa hata kwenye mchanga, kwenye mchanga hakuna nguzo. Na wewe nenda ukalie watu wako." Akakata simu.

Nilipovua visikilizio Graciela alikuwa nyuma yangu. Sijui alisimama pale tangu lini. Hakunigusa, hakuniuliza. Alinyanyua uso, akawaambia wote kwa sauti ya kawaida, "Wapigieni wote. Waambieni kama Aida alivyosema." Siku nzima tulipiga simu. Tulitukanwa kwa Kihispania cha nchi zote. Kesho yake tulipiga tena, na siku ya tatu tukakuta simu zimekatwa na mlango wa jengo umebandikwa karatasi. Mhandisi hakusikika tena. Graciela alikuwa bado na funguo. Alituambia tuje Jumamosi mchana kuchukua vitu vyetu. Kabla sijatoka aliniuliza, "Watu wako hapa Toronto ni akina nani?" Nikamtajia Bi Zaituni, kwa kukosa mwingine. Akaomba namba yake.

Jumamosi nilipanda zile ngazi nikiwa na mfuko mtupu wa kubebea kikombe na sweta. Niliposukuma mlango nikakuta meza zote zimesukumwa ukutani. Sakafuni kulikuwa na mablanketi. Wilmer na wenzetu wamekaa, wamevaa nguo za heshima. Juu ya meza moja kulikuwa na mishumaa, sufuria kubwa ya kahawa, mikate yao ya sukari, na chungu cha vifurushi vya unga wa mahindi na kuku vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke, chakula ambacho kwao hakikosekani matangani. Na pembeni, amejifunga kanga juu ya koti lake la kazini, Bi Zaituni, na sinia la pilau, na Salha akiwa amekasirika kwa kuamshwa mapema siku ya Jumamosi. Nilisimama mlangoni. Bi Zaituni akaniambia, "Ingia ukae. Huyu mama amenipigia simu, Kiingereza chake kibovu kama changu, lakini tumeelewana."

Kulikuwa na mzozo mdogo kuhusu mishumaa. Bi Zaituni alisema hawezi kusoma Yasini mbele ya mishumaa kama kanisani. Graciela aliizima yote kwa vidole, mmoja mmoja, akasubiri kichwa kimeinama mpaka tukaitikia amina, kisha akaiwasha upya na wenzake wakasali sala zao. Harufu ya matairi ilipanda kutoka chini kama kawaida. Tulipoanza kula, Graciela aliniambia, "Sasa tusimulie. Kwetu mtu hazikwi mpaka asimuliwe." Nikaanza, kwa Kihispania. Nilisema dada yangu alikuwa fundi cherehani sokoni Morogoro, na kwamba alikuwa mkali kwa wateja wanaosema amekosea vipimo kumbe wamenenepa. Nilisema alikuwa hawezi kupiga mluzi ila alipiga, pumzi tupu, siku nzima. Nilisema akicheza karata alikuwa anaiba waziwazi, na ukimkamata anakasirika yeye. Wilmer alicheka. Nikasikia, nyuma yangu, Salha anamnong'oneza mama yake kwa Kiingereza. Alikuwa anasoma Kihispania shuleni na anatafsiri. Nikazidi kusema. Maisha ya Saumu yalitoka kinywani mwangu kwa lugha ambayo yeye hakuijua hata neno, yakapita kwenye Kiingereza cha mtoto, yakamfikia mwanamke wa Dar es Salaam aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu.

Bi Zaituni akaweka kijiko chini. "Mwanaidi, lakini mimi nipo hapa. Mbona huniambii kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili siwezi, Bi Zaituni."

Alinitazama kwa muda, halafu akaelewa. Nilimwona anaelewa. Kihispania nilikipata mezani pa mashuka, hakikuwa na jiko la nyumbani ndani yake, wala sauti ya Saumu ikiniita kuoga. Ningeweza kukibebesha chochote. Bi Zaituni akaniongezea pilau kwenye sahani. "Basi endelea hivyo hivyo," akasema. "Salha, tafsiri vizuri." Nikaendelea mpaka kahawa ikaisha. Sikulia. Wengine walilia, Wilmer alilia. Mimi nilikula kile kifurushi cha majani ya mgomba mpaka cha mwisho, na nakumbuka kwamba nilihisi chumvi yake. Ilikuwa imezidi kidogo.

Golondrina, tulisikia, iliuzwa kwa vyuma chakavu. Doña Tránsito na wanawe walikutana kweli, kwenye nyumba ya wageni ya bei rahisi karibu na bandari, na mjukuu, ambaye hasira zilikuwa zimemtoka, alimwambia Graciela kwamba bibi alikaa kwenye kiti cha plastiki uani siku mbili nzima, hataki kuingia ndani hata jua likiwaka, anawatazama. Wenzangu walitawanyika kwenye maghala na viwanda vya Brampton. Mimi jibu la hati zangu lilikuja mwaka uliofuata, nikaenda nyumbani. Lakini safari hiyo si ya mwaka huu ninaousimulia.

Mwaka huu uliishia Jumapili, kesho yake baada ya kukaa matanga ofisini. Niliamka kukiwa kumekucha vizuri, nikaketi kitandani chini ya bomba la joto, nikapiga Morogoro. Kule ilikuwa alasiri. Mama alipokea, nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za kazi, nikamwambia kazi imekwisha. Akasema Mungu ataleta nyingine. Tukanyamaza. Nilikuwa nimezoea kuutumia ukimya kama ule kuaga.

"Mama," nikasema kwa Kiswahili. "Siku ile ilikuwaje? Nieleze tangu asubuhi."

Nilisikia kuku wa uani kwetu, nikasikia mtu anapita anamsalimia na yeye haitikii. Kisha nikasikia anavuta kigoda, anaketi.

"Aliamka mzima kabisa," mama akaanza.